Mimbari ya Polishi Nyeusi

Mdogo wangu wa kike alikuja kwangu Jumamosi moja na mkate na pakiti ya sukari, nikajua kuna jambo, kwa sababu huyo haji na mkate bure. Alikaa, akasifu mapazia, akaniuliza habari za mguu unaonisumbua. Halafu akasema baba ni mgonjwa, hospitali imemrudisha nyumbani, na sasa yuko tayari nimsamehe.

Nilimwambia arudie. Akarudia vilevile. Yuko tayari.

Yaani mtu amekaa miaka yote hiyo akijitayarisha nimsamehe, kama bwana harusi anayechagua suti. Nilicheka mpaka mdogo wangu akaweka kikombe chini. Akaniambia nina moyo wa jiwe. Nikamwambia moyo wangu ni wa jakaranda, ila umepakwa polishi. Hakuelewa, maana wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hivyo naandika haya ili aelewe, na wengine ambao huniona kanisani nimenuna na kudhani nilizaliwa hivyo.

Majina siandiki. Watoto wao hawakunikosea, na wengine ni watu wazuri. Lakini waliohusika nitawataja mmoja mmoja kwa kazi zao. Ni watatu. Wa kwanza ni baba yangu, fundi wa vinyago. Wa pili ni mzee wa kanisa, karani wa ofisi ya serikali, aliyekaa mlango unaotazama bomba. Wa tatu ni mama yangu. Wengi wakisikia nimemtaja mama hunikatiza hapo. Msinikatize.

Tulikaa katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, huko Eastlands, chumba kimoja, choo cha kushirikiana na bomba la kushirikiana. Wazazi wangu walitoka Ukambani, na baba alikuja mjini na tezo moja tu ndani ya gunia. Alichonga kwenye kibanda cha mabati pale karibu na soko la Gikomba, pamoja na mafundi wengine wa kwetu, wamekaa chini, miguu wameinyoosha, kinyago wamekibana kwa nyayo. Baba alichonga twiga, swara, na wazee wa Kimasai wenye mikuki. Yeye alitoa umbo kwa tezo, akamalizia kwa kisu, halafu vinyago vikaletwa nyumbani kwa gunia, kwangu mimi na mama. Kazi yetu ilikuwa msasa na rangi.

Hapo kwenye rangi ndipo penye siri, na lazima niieleze. Wanunuzi walitaka mpingo, kwa sababu mpingo ni mweusi wenyewe na ni mzito. Lakini mpingo ulikuwa mgumu kupatikana na mgumu kuchonga. Jakaranda ni mti wa kando ya barabara, mwepesi, mweupe ndani kama muhogo. Basi fundi anachonga jakaranda, na mkewe na watoto wanaigeuza kuwa mpingo. Unapaka polishi nyeusi ya viatu kwa kitambaa. Unaacha mti uinywe. Unapaka tena. Halafu unasugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono unakufa ganzi, usugue na kesho yake pia, mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi. Mwisho unapitisha nta ya mshumaa ili kuifungia ndani. Ukiruka hatua ya kusugua, kinyago kitang'aa vizuri tu, lakini kitampaka mtu mikono. Kila mtoto wa fundi alijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Mimi nilitolewa shule darasa la tano ili nisugue.

Mpaka leo nikimwona shushaina, mng'arisha viatu, mbele yangu, navuka barabara.

Sasa, watu wakisikia baba aliyepiga watu wake hutaka kusikia mlevi. Wanataka chupa. Baba yangu hakugusa pombe. Alipiga asubuhi, amekunywa chai, ameshanawa uso. Alipiga jinsi alivyochonga, bila haraka, akiangalia mahali pa kuweka pigo linalofuata. Mama alipigwa kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya jirani aliyemsalimu, kwa sababu ya mvua. Mimi nilipigwa kwa sababu ya vinyago.

Nilikuwa na miaka kumi na minne siku shingo ya twiga iliponivunjikia mkononi. Ulikuwa ufa wa mti, si nguvu zangu. Nilikuwa naupitisha msasa, shingo ikatoka tu kama mkate mkavu. Baba alikuwa anatia viatu. Alikuja na kiatu kimoja mguuni, akanipiga kofi la mkono wazi upande wa kushoto wa kichwa. Sikusikia kofi lenyewe. Nilisikia mlio kama wa sufuria iliyoangushwa, halafu upande ule wa dunia ukafungwa. Damu ilitoka kidogo tu, ikashuka mpaka kwenye kola. Alirudi kutia kiatu cha pili.

Mama alinipeleka zahanati, akamwambia muuguzi kwamba niliteleza bombani. Muuguzi alitazama sikio, akamtazama mama, akaandika kwamba niliteleza bombani. Lakini tuliporudi mama hakunileta nyumbani moja kwa moja. Alinipitisha kwa yule mzee wa kanisa, na huko akasema ukweli wote. Mzee alichukua tochi akaniangalia ndani ya sikio, kama mtu anayetafuta kitufe chini ya kitanda. Akasema ni vibaya sana. Akasema atalishughulikia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha, nakiri. Nilidhani mtu mkubwa akishaona, basi.

Alichoshughulikia ni hiki. Kanisa letu lilikuwa linataka mimbari mpya, na watu walikuwa wamechanga ili ichongwe kwa mpingo. Baba alikuwa ameahidiwa kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu kwenye vumbi la Gikomba na kumweka mbele ya watu, maana fundi wa mimbari angealikwa kwenye makanisa mengine. Mzee alimwambia baba kwamba kazi itasimama mpaka nyumba yake ipatane. Hakumwambia aache kupiga. Alimwambia apatane. Na kupatana, alivyoeleza, ni binti asimame mbele ya watu aseme amesamehe.

Basi kitu ambacho hakikuwa cha mtu yeyote ila mimi, neno moja ndani ya mdomo wangu, kikawa ndicho ufunguo wa mimbari ya baba.

Mama ndiye aliyepewa kazi ya kunitayarisha. Wiki nzima, tukiosha vyombo, tukichambua mchele, ilikuwa wimbo huo huo.

"Ukiulizwa, sema nimesamehe. Ni neno tu, halikuvunji mdomo."

"Na sikio?"

"Sikio halisemi. Mdomo ndio unaosema."

Nilimuuliza je, baba ataacha. Akasema akipata mimbari atakuwa mtu mwingine. Nilimwangalia nikaona kwamba anaamini, na zaidi ya kuamini, anatamani. Alikuwa ameshaanza kujiona akitembea katikati ya viti, wanawake wakimpisha, mke wa fundi wa mimbari. Yeye alikuwa na michubuko mingi kuliko mimi. Lakini aliona mlango, na bei ya mlango ilikuwa mimi, akaona ni bei nafuu.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili mchana, kwenye holi ya mtaa. Kanisa lilileta sinema ya bure. Walifunika madirisha kwa mablanketi, wakatundika shuka jeupe ukutani, na watu wakajaa hata wasio wa kanisa. Nyuma kabisa walikaa akina mama Waislamu wa mtaani kwetu na mabuibui yao, akiwemo mmoja aliyekuwa akiuza mahamri mlango wa tatu kutoka kwetu. Asili yake ilikuwa pwani na ulimi wake ulikuwa wembe. Sisi tulikalishwa mbele. Nilikaa nikiwa nimegeuza sikio langu zima kuelekea kipaza sauti.

Sinema ilikuwa ya Kiingereza, na mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti akitutafsiria. Ilihusu familia moja. Kulikuwa na baba, mkewe, na mtoto wa kiume wa kwanza. Ilikuwa mikanda mitatu, na mashine ni moja, kwa hivyo kila mkanda ukiisha taa zinawashwa, fundi wa mashine anaweka mwingine. Asubuhi ile ile ilikuwa imeonyeshwa mtaa mwingine, na mikanda ililetwa ndani ya mikebe yake ikiwa imepangwa ovyo, mmoja juu ya mwingine. Fundi aliweka wa kwanza sawasawa. Halafu akaweka wa tatu. Halafu wa pili. Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilijua baada ya miaka mingi, na nitafika huko.

Tulichoona sisi ni hiki. Mkanda wa kwanza, familia inakula, baba anaanza kuwa mkali, anavunja sahani. Mkanda unaofuata, baba yule yule ana mvi kichwa kizima, anapiga magoti mbele ya mwanawe, analia, na mwanawe anamwinua na kumkumbatia. Mzee wetu alitafsiri kwa sauti ya kutetemeka, akina mama wa kanisa wakatoa leso. Taa zikawaka. Mkanda wa mwisho ukawekwa. Na hapo baba yule, nywele zake nyeusi ti, anamshika mkewe na kumbamiza ukutani.

Mtu mmoja akauliza mbona mvi zimeisha. Mzee wa kanisa aliinua kipaza sauti, akatafsiri kile ambacho kilikuwa hakijasemwa na mtu yeyote.

"Amezipaka rangi," alisema. "Baada ya kusamehewa amerudi ujana, na ujana wake ukamrudisha katika dhambi."

Watu wakasema aa. Wakakubali. Mnaelewa kwa nini walikubali? Nusu ya holi ile ilikuwa familia za wachongaji. Kitu cheupe kugeuzwa cheusi kwa polishi ilikuwa kazi yetu ya kila siku. Mwingine upande wa kulia akauliza ni polishi ya kopo gani hiyo, watu wakacheka. Na nyuma, mama wa mahamri akasema bila kupunguza sauti, "Msamaha haujapoa, keshanyanyua mkono. Namjua huyu, hata jiko lake nalijua."

Wanawake walicheka kicheko ambacho sijakisikia tena. Hakikuwa cha furaha. Baba yangu alikuwa amekaa karibu nami, ameweka mikono juu ya magoti, na nilimwona anaangalia vidole vyake.

Sinema yetu iliisha na mtoto yule wa kiume amesimama mlangoni kwa baba yake na panga. Mkanda ukakatika hapo. Taa zikawaka, na mzee wa kanisa, bila hata kupangusa jasho, akasema kwamba sasa ni wakati wa walio na ugomvi nyumbani kwao waje mbele wapatane, kama tulivyoona kwenye sinema.

Tulivyoona wapi?

Tuliitwa wa kwanza. Baba alisimama na kuweka mkono begani kwangu. Kwa walioketi ulikuwa mkono wa mzazi. Mimi nilihisi kidole gumba kikitafuta mfupa na kuupata. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba kama kuna mahali alikosea, anaomba radhi. Kama kuna mahali. Sikio langu lilikuwa linatoa usaha wiki hiyo, nilikuwa nimeziba kwa pamba, na pamba ile ilionekana na kila mtu.

Mzee alinigeukia. "Binti, umemsikia baba yako. Unasemaje?"

Sikusema kitu. Si ushujaa. Nilifungua mdomo na nikaona wazi kabisa yule mtu wa sinema na mvi zake zilizoisha. Nikaona nikisema neno hili leo, nywele zitakuwa nyeusi kesho. Nikafunga mdomo. Mzee akaniuliza mara ya pili. Kidole gumba kikazama. Nikanyamaza.

Ndipo mama aliposema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti kubwa ya kupendeza, "Amesamehe."

Na mzee wa kanisa, aliyekuwa amezoea kazi hiyo mchana kutwa, akaweka kipaza sauti mdomoni akatafsiri. "Anasema amesamehe."

Walipiga makofi. Waliimba. Baba alinikumbatia na nikanusa vumbi la jakaranda kwenye shati lake. Wengi wananiambia kile kilikuwa kitu kidogo, neno la mama mwenye hofu. Kofi liliondoa sikio langu moja, na hilo naweza kulieleza kwa daktari. Lakini mama alichukua neno langu nikiwa nimelishika bado, akalitumia, na sijui daktari wa hilo ni nani.

Baba akaanza mimbari. Aliichonga nyumbani, kwa sababu hakutaka mafundi wenzake wa Gikomba waone ni mti gani. Mlishafahamu ni mti gani. Aliizungushia majani ya mzabibu, na kwa kuwa hakuwahi kuona zabibu, alichonga zambarau. Ilikuwa nzuri. Nasema ukweli hata kama unaniuma, mkono wake ulikuwa na kipaji. Alinipiga mara mbili wakati wa kazi hiyo, mara moja kwa sababu ya msasa na mara moja sikujua kwa nini. Mama alisema atatulia kazi ikiisha.

Rangi ilikuwa yangu. Baba hakuwahi kukagua rangi. Ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, akiona kinang'aa anatosheka. Basi miguu ya mimbari niliisugua siku mbili. Majani na zambarau nikazisugua vizuri na kupitisha nta, ungeweza kuzilamba. Lakini ule ubao wa juu, anapoweka mikono mhubiri, na zile kingo mbili anazozishika akianza kupata moto, nilipaka polishi kwanza, nikapaka ya pili, nikapaka ya tatu. Nikapitisha kitambaa mara moja ili ing'ae. Nta sikuweka.

Yule wa sinema alikuwa na panga. Mimi nilikuwa na kopo la polishi, nikalimaliza.

Nilijua nitapigwa? Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye walisema ni uvivu wa mtoto, na mama anasema hivyo hadi leo. Haukuwa uvivu. Nilikaa mbele ya ule ubao na mikono yangu imetulia kuliko siku yoyote.

Siku ya kuiweka wakfu kulikuwa na jua kali na kanisa letu lilikuwa la mabati. Alikuja mhubiri mgeni, mtu mnene mwenye heshima, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakaa kama karatasi. Baba alikaa mbele na tai. Mama alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Mzee wa kanisa alisimama akawaambia watu watazame mpingo, mti wa heshima wa nchi yetu, na akamtaja baba kama mfano wa nyumba iliyopatana.

Mhubiri akapanda. Akaweka mikono. Alianza polepole, na joto lilipoongezeka akaegemea kwa viwiko, akashika kingo, akapiga ubao kwa kiganja. Nilimwona akitoa jasho. Nilimwona akijipangusa paji la uso kwa ule ule mkono. Kwaya ndiyo iliyoona kwanza. Msichana mmoja aliinamisha kichwa na mabega yakaanza kutikisika. Mhubiri alidhani ameguswa na neno, akaongeza sauti, akajifuta shavu. Alikuwa na mistari miwili myeusi usoni, na mikono ya kanzu yake ilikuwa kama ya mtu wa makaa. Vijana waliokaa dirishani walishindwa kujizuia. "Pasta amegeuka shushaina," mmoja wao akasema, na hapo kanisa lote likapasuka.

Mzee wa kanisa alikimbia na kitambaa cha meza, akaanza kufuta ubao. Alifuta kwa nguvu, kwa aibu, na kadiri alivyofuta ndivyo ulivyotokea weupe, mpana, kama wa muhogo. Wachongaji waliokuwa ndani waliacha kucheka. Wao walielewa kabla ya wengine. Kisha mtu aliyekuwa amechangia mpingo akasimama, akauliza hiyo ni nini, na wengine wakasimama.

Baba hakuangalia mimbari hata kidogo. Aliniangalia mimi. Ni mara ya pekee maishani niliyoona kwamba ananijua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele. Ilikuwa bado mchana, watu wako bombani. Alifunga mlango akachukua tezo, akatoa chuma, akabaki na mpini. Mama alikuwa amesimama karibu na meza. Alinyoosha mkono, nikadhani anamzuia. Aliwasha redio. Kilikuwa kipindi cha salamu, watu wanawasalimu shangazi zao na wafanyakazi wenzao, na mama akaongeza sauti mpaka mwisho, majirani wasisikie. Baba aliniambia niweke mkono mezani, ule wa kupakia polishi.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Kiliungana vibaya na kinatabiri mvua kuliko redio.

Mama wa mahamri ndiye aliyekuja kupiga mlango. Hakupiga hodi, alipiga kwa mchi. Redio ya nyumba ya Wakristo kelele vile siku ya Jumapili, alisema baadaye, ilimwambia kila kitu. Baba alipofungua, yule mama hakumwangalia hata usoni. Aliingia, akaufunga mkono wangu kwa leso yake, akanitoa. Naandika hili kwa sababu katika hesabu ya watu walionisaidia mwaka ule, hesabu ni moja, na hakuwa wa kanisa letu.

Tukipita karibu na bomba, mzee wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliuona mkono. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ulikuwa umeshamsamehe mbele ya watu," aliniambia. "Mbona ukarudi nyuma?"

Mama wa mahamri alimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilikwenda kukaa kwa mama mdogo, huko Mukuru kwa Reuben. Mkono ulipopona nikaanza kusimama kwenye mageti ya viwanda kungoja kibarua, kupakia sabuni, kufunga mifuko. Sikurudi nyumbani. Baba alikosa kazi za makanisa na kurudi kwenye twiga. Mama alizaa tena. Walikaa.

Miaka ilipita, miaka ya themanini imeshaingia, wahubiri wengine wakaja Mukuru na sinema, wakaionyesha kwenye ukuta wa ghala. Nilikuwa natoka kazini. Nilisikia mlio wa sahani kuvunjika nikaujua. Nikasimama na mfuko wangu wa mboga za sukuma, nikaitazama yote, safari hii ikiwa imepangwa sawasawa. Sahani inavunjika. Mke anabamizwa ukutani. Kijana anakuja na panga. Na baadaye, nywele zimeshakuwa mvi kwa haki, mzee anapiga magoti, mwanawe anatupa panga, wanakumbatiana, imekwisha. Watu wa Mukuru walipiga makofi. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alilia, akaniuliza mimi kwa nini silii.

Nilitafuta jibu njia nzima. Kumbe tulionyeshwa vibaya. Kumbe mvi hazikupakwa rangi. Nilijaribu kuona kama jambo hilo linabadilisha kitu kwangu, na nilijaribu kwa haki. Nililala nikijaribu. Lakini katika nyumba yetu msamaha ulisemwa kwanza na mkono ukavunjwa baadaye, na mpangilio huo haukuwa kosa la fundi wa mashine.

Kwa hivyo, mdogo wangu, turudi kwa Jumamosi yako na mkate wako. Ulipoacha kukasirika uliniuliza umpelekee baba jibu gani. Nilikujibu hivi, na ukadhani ni dharau.

"Kamuulize mama. Yeye ndiye aliyesamehe."

Ulisema mama amezeeka, hawezi kukumbuka mambo ya zamani hivyo. Nikakwambia atakumbuka, alilisema kwa sauti kubwa. Ulichukua mkoba ukaondoka, na chai yako ukaiacha nusu.

Siku nne baadaye simu ililia. Ilikuwa namba yako lakini sauti ilikuwa ya mama. Hakunisalimu. Alisema baba amelala, hali chakula, anaangalia mlango tu. Alisema, "Mwanangu, sema hilo neno. Ni neno tu." Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, na nikajua simu imewekwa wazi ili na yeye anisikie.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaihamisha simu kwenye sikio la kushoto, lile la kofi, nikaibana na bega, nikaendelea kukata. Sijui mama alisema nini baada ya hapo wala alisema kwa muda gani. Vitunguu vilipoisha niliitazama simu, na ilikuwa imeshakatika.